Tairi Alilochukua Mtani Wangu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo sifichi. Kwa hiyo wanaume wa kikundi chetu cha magari walipoandika kwenye simu, "Mama, wewe njoo na chapati tu, kuendesha tuachie sisi," niliwajibu hapo hapo kwamba nipangiwe nafasi ya Jumamosi, na chapati waje nazo wao. Walikuwa wamekodi kiwanja cha zamani cha ndege cha shamba moja la mkonge, lami yake bado nzima, wakapanga matairi mabovu kuchora njia yenye kona. Kila mtu angeendesha gari lake mwenyewe kwa nguvu zake zote. Mwanamke nilikuwa peke yangu.

Watu waliniuliza nina shida gani. Shida yangu ni barabara ya Gairo. Nanunua karanga kule, nauza mjini Morogoro, na kila wiki nakwenda na kurudi na gari langu dogo la saluni. Ukikoleza mwendo, tuta. Ukivuka tuta, lori. Ukilipita lori, trafiki kajificha na tochi yake ya kupimia mwendo. Nilitaka mara moja tu maishani nikanyage mafuta mpaka mwisho, na asitokee mtu wa kunipungia mkono niegeshe pembeni.

Mpanga shughuli alituambia kinachowaumbua wageni si mwendo, ni breki. Barabarani unafunga breki, gari linapumzika. Kule unafunga kila kona mpaka chuma kinaiva. Basi nikalipeleka gari kwa mtani wangu, fundi mwenye gereji karibu na Msamvu. Yeye Mnyamwezi, mimi Mluguru, na tumetukanana tangu tujuane.

"Mluguru na breki wapi na wapi?" alisema aliponiona. "Nyie mnateremka mlima na tenga la nyanya kichwani, breki yenu kidole gumba cha mguu."

"Na nyie mlipita hapa mmebeba mizigo ya watu, mkachoka, mkakaa," nilimjibu. "Fungua tairi."

Tulifanya kazi siku nzima. Tulitoa pedi za zamani, zilizolika upande mmoja kama soli ya kiatu cha mtu anayechechemea. Tukaweka mpya, pamoja na diski mpya za mbele. Mafuta ya breki yalitoka meusi, tukamwaga yote tukajaza mengine. Kisha tukatoa upepo ulioingia kwenye breki, mimi juu kwenye pedali, yeye chini na spana. "Pampu. Pampu. Shikilia hapo hapo. Achia." Mguu wangu ulikufa ganzi, lakini sikukubali mtu mwingine ashike ule upande wangu wa kazi.

Pedi mpya lazima zizoeane na diski, kwa hiyo Jumapili nilikwenda kwenye barabara pana ya viwandani, ambako siku hiyo hakuna magari. Unakimbiza, unafunga breki kwa nguvu, unakimbiza tena. Mara ya tatu bodaboda wawili walishanifuata. "Mama, umegonga?" Nikawaambia sijagonga. Mara ya nne wakaja tena, na mwenzao. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nimegombana na mume wangu. Niliendelea, mpaka harufu ya kuungua ikaingia ndani ya gari na pedali ikaanza kuwa laini, inazama kama vile nakanyaga mto wa kulalia. Gari lilisimama, lakini mbele kuliko nilivyotaka.

Nilirudi gereji nimefura. Nikamwambia hajatoa upepo vizuri. Tukatoa upya, hali ikawa ile ile. Ndipo alipopanda yeye kwenye pedali, akaniambia nishike mpira wa gurudumu la mbele, ule unaopeleka mafuta kwenye breki. Alipokanyaga, mpira ulivimba mkononi mwangu kama shavu la mtoto aliyebeba andazi.

"Nguvu yako yote inaishia hapo," alisema. "Hii mipira imezeeka. Ikipata moto wa Jumamosi, mmoja utapasuka, na ukikanyaga hutakuta kitu."

Nilizunguka maduka yote ya vipuri mjini. Mwenye duka mmoja, Mhindi ambaye nimemuuzia karanga miaka mingi, alipanda ngazi mwenyewe akapekua mpaka rafu ya mwisho. Ya nyuma anayo, ya mbele itatoka Dar, wiki ijayo. Nikamwambia fundi nitakwenda hivyo hivyo. Mipira hiyo hiyo imenifikisha Gairo miaka yote, itanishinda kiwanja cha ndege? Hakubishana, na hilo lilipaswa kunishtua, maana huyo mtu hubishana hata na redio.

Ijumaa asubuhi nilitoka nje nikakuta gari limekaa juu ya mawe na tairi la mbele halipo. Mume wangu alikuwa amesimama barazani na kikombe chake cha chai. Alimwona mtani akilichukua na wala hakumzuia.

"Hayo mambo yenu," alisema. "Mtani akichukua kitu, unakikomboa."

Na kweli, ndivyo ilivyo. Mtani humpeleki polisi wala huwezi kumnunia mbele za watu. Nilimkamata jogoo wangu mkubwa, nikamfunga miguu, nikapanda bodaboda mpaka gereji. Nilikuwa nimepanga kulipa, kucheka kidogo kwa ajili ya mila, na kurudi na tairi langu kabla ya saa nne.

"Jogoo sitaki," alisema. "Nataka ile mipira miwili mibovu ya mbele iliyoko kwenye gari lako. Niletee, tairi lako hili hapa."

Mafundi wengine wakaangua kicheko. Mimi nilichemka. Nilimwambia utani una mipaka, kwamba nikikosa kesho wale wanaume watanisema mpaka nizeeke, kwamba nimeisubiri siku hii kuliko harusi yangu. Nilisema mengi. Aliniacha nimalize, akanivuta pembeni ya pipa la oili chafu ambako wenzake wasingesikia.

"Siku ukifa, mtani, mimi ndiye natakiwa kuja kulala mbele ya jeneza niwachekeshe watu," alisema. "Tangu jana natafuta nitasema nini. Sijapata hata neno moja."

Nilitazama uso wake nikitafuta mahali utani ulipojificha, sikuuona. Machozi yalinijia, nikachukia yalivyonijia mbele ya mafundi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze habari ile niliogopa kufa.

Tulikwenda nyumbani pamoja, yeye kapakata tairi kwenye bodaboda ya pili. Alitaka kulala chini ya gari, nikamwambia asogee, anipe kisu. Nilikata mipira yote miwili kwa mkono wangu, mafuta mapya yakanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Nikampa. Kisha nikampigia mpanga shughuli: kesho sipo, breki hazijawa tayari, mwezi ujao niandike wa kwanza. Baada ya muda mfupi kikundi kizima kilikuwa kinaandika kwamba mama kaogopa. Nilisoma yote, nikaweka simu mfukoni.

Mtani wangu alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, analirudisha tairi. Alikaza nati moja baada ya nyingine, kisha akapanda juu ya spana kwa uzito wake wote, akairudia kila moja, wakati gari lenyewe halikuwa linakwenda popote.