Siku Nilivaa Valizi Muzima

Kama mulisikia mu soko ya Nyakasanza hadisi ya mama moja mwenye alifungiwa mu tente, ile hema ya Ebola, juu ya kuvaa nguo mingi, muache kuulizauliza jina yake, njo miye. Miaka imepita, lakini hata leo nikiingia mu kanisa kuko ba mama banaziba kinywa na kitambaa, na najua banacheka nini. Basi heri niseme yote miye mwenyewe, juu vile banaelezea kule soko habasemi vizuri (banasema nilivaa manto saba, zile koti nzito ya baridi, ilikuwa moja tu).

Wakati ile nilikuwa naishi mutaa ya Saio, peke yangu mu nyumba ya vyumba ine. Bwana yangu alikufa mu miaka ya vita, mutoto yangu ya kiume alikimbilia Kampala na hakurudia tena, na Zawadi, mutoto ya mwisho, aliolewa akaenda Québec, kule Canada, muji kando ya mto mukubwa yenye banasema mu baridi inageuka barafu na upepo yake inakata masikio. Siye tulikuwa na amani, ile amani yetu ya hapa: soko inafunguliwa, batoto banaenda masomo, lakini mutu akibamiza mulango kwa nguvu, barabara muzima inanyamaza kwanza. Nyumba yangu yo ilikuwa inanyamaza siku yote. Asubui nilikuwa napika chai ya batu babili, kisha nakumbuka.

Sasa Zawadi akapata mimba ya kwanza, na visa yangu, kisha kukataliwa mara mbili, ikatoka. Akanipigia simu na furaha yote.

"Mama, kuja tu na valizi kidogo. Manto iko hapa, viatu bote ya barafu iko, ganti ya mikono iko. Tutakungojea nayo pale ndege inashukia."

"Asante, mama yangu," nikajibu, lakini mu roho nikakataa. (Miye, mama mukwe, niteremuke mbele ya bwana yake natetemeka kama kuku ya mvua, banivalishe kama mutoto? Hapana.)

Nikaenda kwa jirani yangu Mama Kavira, mwenye alitoka Butembo na anauzisha nguo ya balo, mitumba, pale Nyakasanza. Hakuna mutu kati yetu babili mwenye alikuwa amewahi kuona baridi ya kweli. Akaingiza mukono mu balo mpaka kwapa, akatoa manto nyeusi ya mwanaume, inafika mu visigino. "Hii njo yenyewe," akasema, "sikia uzito yake." Akaongeza triko mbili, sweta za sufu. Nikatoka pale najiona kama mutu wa Ulaya.

Mangaribi nikaweka valizi, sanduku yangu ya safari, juu ya kitanda. Ndege inakubali kilo vingt, ishirini tu, na ndani mulikuwa tayari samaki ya chumvi ya Kasenyi, sombe, majani ya muhogo ya kukausha, unga ya muhogo, na chupa ya asali ya Niania yenye nilifunga mu kitenge ya mutoto. Nikatia manto, valizi ikakataa kufunga. Nikatoa asali, nikairudisha. Nikatoa samaki, nikakumbuka vile Zawadi alikuwa analamba vidole akiwa mudogo, nikairudisha. Nikakaa chini naangalia. Kungekuwa mutu moja tu mu ile nyumba wa kuniambia "Mama Zawadi, acha manto ya batu," nafikiri hadisi hii haingekuwa. Hakukuwa mutu. Basi nikakata shauri miye na kichwa yangu: chakula itaenda mu valizi, nguo itaenda mu mwili.

Asubui nikavaa. Soksi mbili mbili, kisha pantalo, suruali ya sufu ya marehemu bwana yangu (mu kanisa yetu mwanamuke havae pantalo, muelewe hiyo vizuri, juu njo iliniua), kisha triko, triko ingine, libaya na liputa ya kwaya, blauzi na kitenge ya kufunga, juu yake, na manto juu ya yote. Nikafika kiwanja ya ndege natembea kama pipa. Ba mama ya kwaya balikuwa bamekuya kumi na moja kunisindikiza, bananikumbatia moja moja, banaimba, Mama Prezidante, mukubwa wa kwaya, anaomba maombi marefu, na jua iko inapiga kweli kweli. Jasho ilikuwa inanishuka mu mugongo kama mayi ya robine yenye imefunguliwa.

Pale mulangoni kulikuwa muganga na kile kifaa kama bastola, banakuelekezea mu uso kupima moto ya mwili. Ilikuwa wakati ya Ebola, batu bote banapita pale. Akanipima, akaangalia, akanipima tena.

"Mama, trente-huit na nusu, hii ni homa. Juu ya nini umevaa manto mu hii jua?"

Kwaya muzima ilisogea kusikiliza. Ningesema nini? Kwamba ndani kuko triko mbili, na chini ya liputa kuko pantalo ya mwanaume? Nikasema kitu ya kwanza yenye ilikuya mu kinywa:

"Nasikia baridi."

Muganga akarudi nyuma hatua mbili. "Unasikia baridi?" Akaandika. Nikaona vile anaandika, nikataka kusema hapana, lakini kichwa ikazunguka, macho ikaingia giza, na chai yote ya asubui ikatoka mbele ya batu.

Kisha pale sikuongoza tena kitu. Batu ya nguo nyeupe, habaonekane hata macho, bakanibeba. Ba mama yangu ya kwaya, kwa sababu balinikumbatia bote, bakawekwa nyuma ya kamba na majina yabo ikaandikwa. Nilisikia Mama Prezidante analalamika: "Mama Zawadi, ulitugusa siye bote!" Mutu hakuimba tena.

Mu tente, muganga mwanamuke akaanza kunivua. Manto. Libaya. Triko. Triko ya pili. Akafika mu pantalo, akasimama.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ya marehemu," nikasema, na nikaanza kulia. Niliona mabega yake inatikisika ndani ya ile nguo yake nyeupe. Alikuwa anacheka, simulaumu. Kisha dakika kidogo akanipima: trente-six huit, moto ya kawaida.

"Basi niende?"

"Hapana, mama. Ulisema unasikia baridi, na umetapika. Tutapima damu mara mbili, katikati siku mbili." Akiwa bado anasema, nikasikia ndege inaruka juu yetu.

Nilibaki kule siku tatu, nyuma ya plastiki. Telefone ilizimika siku ya kwanza na haikuwaka tena juma muzima. Siku ya pili Mama Kavira akakuya, bakamusimamisha mbali, ng'ambo ya uzio ya lupango, akapaza sauti mpaka batu bote bakageuka:

"Zawadi amezaa! Mbele ya wakati! Mutoto mwanamuke!"

Nikapiga kigelegele peke yangu mu ile tente. Haikuitikiwa.

Damu haikuonyesha kitu, ba mama bakafunguliwa, na kisha juma mbili nikapata ndege ingine. Nilivaa libaya na triko moja. Nilifika mutoto iko na siku kumi na sita. Bwana ya Zawadi alikuwa amerudia kazi zamani, kule bandari kando ya mto. Zawadi akaniweka mutoto mu mikono, akaniangalia, akasema pole pole:

"Mama, siku ya kwanza kumuosha nilikuwa peke yangu. Natia kidole mu mayi, natoa, natia tena, sijue iwe moto namna gani. Nilipiga simu yako, haikuingia."

Nikaomba beseni, nikamuosha mutoto miye mwenyewe. Kule soko bacheke, nimezoea, na siku ingine nacheka nabo. Ile ya mayi njo siwezi kucheka. Tangu pale nimeapa: muganga akiniuliza kitu, hata mbele ya kwaya, hata mbele ya pasta, nitamuambia yote yenye niko nayo mwilini, kuanzia ya juu mpaka ya ndani kabisa.