Kaka Anaamini Programu Ile ni Yake

Mhariri, jina langu baki nalo wewe. Wasomaji wakubwa kwangu shikamooni, na wenzangu habari zenu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minane, sijaolewa. Naishi Mirongo hapa Mwanza, kwa kaka yangu mkubwa, pamoja na mke wake na mama yetu mzazi. Nafundisha kemia sekondari. Kaka naye alikuwa mwalimu wa kemia, ila yeye wa chuo, na ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki. Ndiyo maana jambo hili linanikosesha raha.

Serikali ilipofungua biashara na kompyuta za mtumba zikaanza kuingia mjini, kaka alinunua moja akaiweka sebuleni, akanifundisha kuandika programu. Wakati huo magugu maji yalikuwa yameziba ziwa, watu wanabishana kama yapigwe dawa ya sumu. Kaka akasema, "Mdogo wangu, kabla hawajaimwaga, sisi tujue hiyo sumu inavunjikaje ikiwa ndani ya maji." Tukagawana. Yeye akaandika programu ya kukokotoa elektroni pale pale molekuli ya sumu inapokatika, hesabu nzito ya polepole. Mimi nikaandika ya kusogeza molekuli za maji zinazoizunguka. Mpango ulikuwa zikimbie pamoja: yangu isogeze maji kidogo, isimame, iipe ya kaka mahali kila chembe ilipo; ya kaka ipige hesabu, irudishe nguvu zinazovuta na kusukuma; yangu isogeze tena. Kila moja peke yake ilifanya kazi vizuri. Kilichobaki ni kuziunganisha, na kaka alisema hiyo ataifanya mwenyewe likizo.

Kabla ya likizo malaria ikampanda kichwani. Mwili ulipona, akili haikurudi yote. Alikuwa akitoka sokoni anapotea njia ya nyumbani. Kazi ikamshinda, akaacha. Akawa anashinda kwenye kochi, ndevu zimejaa, hasemi na mtu. Neno moja tu lilibaki, kila nikirudi kutoka shuleni: "Zimeongea?" Yaani zile programu. Namjibu, "Bado, kaka." Anageukia ukutani.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi yangu. Programu ya kaka iliandikwa ianze, imalize, ijifunge. Nikiilazimisha isimame katikati ipokee namba zangu, inavurugika, inatoa majibu ya ajabu, molekuli zinarushwa huku na huku kama zimelipuliwa. Kuirekebisha kulihitaji mtu anayejua kwa nini kila mstari uliandikwa vile, na mtu huyo alikuwa amekaa nyuma yangu. Nikimuuliza, "Kaka, hapa ulikuwa na maana gani?" anatazama skrini weee, halafu machozi yanamtoka. Nikaacha kumuuliza.

Ndipo mwenzangu niliyesoma naye Dar akaniletea disketi yenye programu nyingine ya elektroni. Aliiandika mhadhiri mmoja wa nje, na ameruhusu itumike bure mradi jina lake litajwe. Hiyo ilikubali kusimama na kupokezana namba na yangu. Nikaitoa ya kaka, nikaiweka hiyo. Jumamosi moja asubuhi zikakimbia. Sikujua kaka amesimama nyuma ya kiti changu, anaangalia namba zinavyopanda.

"Zimeongea!" alipiga kelele. "Mama, njoo uone! Yangu na ya mdogo wangu, zimeongea!"

Wifi akatoka jikoni mikono imejaa unga, akapiga magoti kunishukuru. Mama analia, kaka anacheka. Ningewaambiaje pale kwamba iliyoongea na yangu si ya kaka?

Tangu siku hiyo kaka ni mtu mwingine. Ananyoa, anakwenda kanisani, anaongea na majirani. Amekwenda mwenyewe hadi chuoni kwake kuwaeleza, na mkuu wake wa zamani, sijui kwa huruma au kwa kuamini, amemwalika aielezee kazi hiyo mbele ya walimu na wageni. Maelezo ya kugawia watu nayaandaa mimi. Jina la yule mhadhiri lazima liwemo, la sivyo mimi ni mwizi wa kazi ya mtu. Na likiwemo, kaka atalisoma.

Nilimweleza wifi ukweli tukiwa uani tunachambua dagaa. Mikono yake ilisimama. "Wifi, nakuomba," akasema. "Mume wangu nilikuwa nimeshamzika moyoni, amenirudia juzi tu. Ukimwambia, unamrudisha kwenye lile kochi. Halafu wewe utaolewa, uniache naye." Mama naye nilipomweleza akasema, "Mwambie, mwanangu. Wale watu wakianza kumuuliza maswali atajibu nini? Bora alie hapa nyumbani, tuko sisi." Nikabaki katikati ya mama na wifi.

Jana kaka alinivutia kiti. "Kaa, mdogo wangu, nikueleze sehemu yangu ilivyo, usije ukaulizwa ukababaika." Akaanza kueleza, anachora kwa kidole juu ya meza. Wasomaji, mwanzo wake ulikuwa sahihi kabisa, mambo yale yale niliyokuwa namuuliza asijibu. Nikadhani labda sasa tunaweza kuirudisha programu yake kabla wageni hawajaja. Alipofika kwenye hesabu yenyewe akachanganya. Akaingiza somo alilofundisha zamani, akarudia lile lile, akaendelea kuchora bila kujua kama amepotea. Mimi naitikia kwa kichwa kama ninaelewa.

Alipomaliza akanishika bega, anatabasamu. "Unaona?" akaniambia. "Bado nipo."

Wageni wanakuja wiki ijayo. Suti yake wifi ameshaipiga pasi, imetundikwa mlangoni. Nguvu za kumwambia sina, na za kumwacha asimame mbele ya watu akisifia kazi isiyo yake pia sina. Ninyi mngekuwa mimi, mngemwambia? Na kama mngemwambia, mngeanzia wapi? Nishaurini ndugu zangu, mimi nimekwama.