Maji ya Moto kwa Mtu Anayeungua

Mwenzangu wa lindo alijisifu kwamba ameshaizoea Doha.

"Umeniona nikitoka jasho leo?" aliniuliza mchana mmoja wa Julai, tukilinda maegesho ya magari mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. "Nyie wageni ndio mnalowa kama mmetoka kuoga."

Wenzetu wote waliokaa Ghuba miaka mingi walisema hivyo: mwili ukizoea, jasho hukoma. Mimi, mwenye shahada ya kemia na sare ya ulinzi, sikuliamini hilo. Nilimgusa mkono. Ulikuwa mkavu, una moto kama sufuria. Nikaogopa.

Punde akaanza kunisemesha kama mimi ni kaka yake wa nyumbani, akaketi chini, asiweze kunyanyuka.

Nilimburuta kivulini, nikapiga simu kuita gari la wagonjwa. Maji ya kunywa tulikuwa tumeyamaliza. Lilibaki bomba la ukutani, na tangi lake liko juani. Maji yalitoka na moto wa kumwogeshea mtoto mchanga. Nikamvua shati, nikaanza kummwagia kwa chupa yetu tupu. Dereva wa teksi, mtu wa Tanga aliyekuwa ameegesha hapo, alinidaka mkono.

"We kichaa? Mtu anaungua, unammwagia maji ya moto?"

"Mpepee, kaka. Yakikauka yataondoka na joto."

"Nani kakwambia?"

Swali hilo mimi mwenyewe nimewasumbua nalo walimu wote. Chuoni tulifundishwa kwamba haidrojeni ya molekuli moja ya maji huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Kila kifungo cha namna hiyo ni dhaifu, ila viko vingi mno, hivyo maji hayageuki mvuke mpaka yachukue joto jingi. Nilikariri, nikafaulu. Sikuwahi kuweka uhai wa mtu juu ya sentensi hizo. Na kama namchemsha?

Upepo ulikuwa mkavu. Maji yalikauka kifuani, nikamwaga tena. Dereva alipepea kwa kipande cha boksi akinung'unika, "Akifa, profesa, mimi sikuwepo."

Wahudumu walipofika, mmoja aliuliza nani amemlowesha. Dereva akanitazama. Niliwaza jela, nikamwaza mama wa mwenzangu.

"Mimi."

"Ongeza maji," alisema, akikunjua machela. "Na huyo asiache kupepea."

Mwenzangu akafumbua jicho moja. "Shati langu liko wapi?"

 Nikajaza chupa tena, nikaendelea kumwaga.