Chupa Niliyoimwaga Lamboni

Nyinyi mnaofungua bomba na kuliacha likitiririka huku mnapiga soga, kaeni hapa. Mimi nilisoma juzuu ya amma, na ukubwani nikaenda kidogo darasa la watu wazima, basi. Nitaandika kama ninavyosema. Mmekuwa mkiuliza kwa nini mikorosho ya Matambarale, aliyoipanda babu yenu kwa mikono yake, leo inaokotwa na watu wengine. Mnadhani tulidhulumiwa. Hatukudhulumiwa na mtu.

Wakati wazungu wa mashamba ya karanga walipokuwa wanang'oa pori la Nachingwea kwa matrekta, babu yenu alikuwa boi wa nyumba moja kule kambini. Boi ni mtu mzima mwenye ndevu anayepiga pasi soksi za mwenzake. Kutoka kwetu Matambarale mpaka kambini ilikuwa safari ya kulala njiani, kwa hiyo nyumbani alionekana kwa nadra. Mimi nilibaki na mama mkwe, watoto, na lambo.

Lambo lilikuwa chini ya nyumba. Wanaume wa kijiji walilichimba kwa majembe, na halikukauka hata kiangazi kikali. Bila lile lambo, maji yalikuwa ya kufukua mchangani mtoni, unatoka alfajiri unarudi jua limepanda. Kwa ajili ya lile lambo babu yenu alipanda mikorosho pale, kwa sababu miche tuliimwagilia sisi wanawake.

Karanga zikashindwa, wazungu wakaanza kufunga mizigo na kugawa vitu. Wenzake walirudi na vitanda vya chuma. Wa kwangu alirudi na chupa pana ya kioo, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, ameibeba siku mbili kama yai. Ndani mna maji, majani membamba kama nywele, na samaki wawili wekundu wa ukubwa wa kidole. Mmoja alikuwa ameshakufa.

"Memsahibu wa ile nyumba kasema niwatunze," akaniambia.

"Watoto wako wanakunywa uji kwenye kifuu, wewe unatunza samaki wa pambo?"

"Usiwaguse, mama watoto."

Nilichotaka mimi ni chupa. Nilitaka ya kuwekea sukari, wageni waione. Ijumaa alipokwenda msikitini nikashuka lamboni, nikamwaga kila kitu, nikaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa. Nilipanda kurudi nyumbani nina furaha. Aliporudi nikamwambia samaki wamekufa. Kesho yake akaniletea sukari.

Yule samaki mwekundu hatukumwona tena. Majani tuliyaona. Mvua zilizofuata yalikuwa kitanda kizima chini ya maji, na zilizofuata tena yalifika juu. Ukizamisha mtungi unatoka na ndevu. Maji yakaanza kunuka. Tukayavuta kwa vijiti na kwa mikono, tukarundika ukingoni, na kila kipande kilichokatika kikarudi majini kikaota upya. Tulikuwa tunayapanda wenyewe bila kujua.

Mama mkwe akawa anauliza kila siku, "Nani katuletea balaa hili?"

"Labda ndege," nikasema. Neno hilo likashika. Kijiji kizima kikasema ndege.

Ndipo alipokuja bwana samaki wa serikali, mtu wa makamo, na madebe mawili yaliyofunikwa kaniki. Ndani mlikuwa na perege wadogo.

"Bwana, sisi tuliomba panga, wewe unatuletea kitoweo," mwanamke mmoja akamtania.

"Hawa ndio panga zenyewe, mama zangu. Wanakula majani asubuhi mpaka jioni kama mbuzi. Ila msiwaguse mpaka nije niwaambie. Mkiwala nyinyi, majani yatawala nyinyi."

Tulicheka. Lakini wale samaki walifanya kazi. Kwanza pakafunguka mahali pa upana wa jamvi, halafu pa upana wa ua. Baada ya masika mawili niliona tena mchanga chini ya maji, nikashukuru Mungu kimoyomoyo, maana ni mimi peke yangu niliyejua nimesamehewa nini.

Mwaka huo wajukuu wa mama mkwe walikuwa wanatoka jandoni. Wageni walikuwa wengi na kitoweo hakipo.

"Twanga utupa," akaniambia. Utupa ni ule mti unaolevya samaki.

"Mama, bwana samaki alikataza."

"Bwana samaki ndiye atakayenilishia wageni? Perege wamejaa kiganja, mimi nipike mlenda nichekwe mpaka kijiji cha Narung'ombe? Tutatoa wakubwa tu." Kisha akanitazama. "Na wewe una nini na lambo hili? Nakuona unalizunguka kama uliyezika kitu humo."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema chupa, ningesema sukari, angenitukana, pengine angenirudisha kwetu, lakini angeniamini kwamba bila samaki majani yatarudi. Nikachukua mchi.

Utupa hauchagui wakubwa. Walielea wote, mpaka vitoto vya ukubwa wa punje ya mtama. Karamu ilisifiwa sana.

Masika moja tu yakatosha kuyarudisha majani. Bwana samaki alipopita, akatazama lambo, akauliza samaki wako wapi. Akasema ana malambo mengine yanayosubiri, akaondoka. Sikumlaumu.

Tulikwenda kufukua maji mchangani miaka miwili. Nyumba moja ikahama, nyingine ikafuata. Mwaka mikorosho yetu ilipozaa sawasawa mara ya kwanza, ndio mwaka tulioiacha. Waliokuja baadaye wakachimba kisima kirefu, ndio wanaookota mpaka leo. Mama mkwe alikataa kuhama, akabaki kwa binti yake, akafa akiwalaani ndege.

Siku tuliyofika Narung'ombe wenyeji walituonyesha bwawa lao, maji meupe, mazuri. Binti zangu wakanyanyua mitungi mbio. Mmoja ulikuwa na maji kidogo ya safari, tuliyochota kule kwetu. Nikachungulia. Ndani mlikuwa na unywele mmoja, kijani kibichi.

Nikawaambia wote, na baba yao akisikia: "Wekeni chini. Hakuna chombo cha nyumba hii kitakachogusa maji ya hapa kabla hakijakaa juani siku saba. Mtungi, kata, debe, hata kamba. Mpaka siku hizo ziishe tutaazima vya jirani. Hayo maji mwageni pale kwenye vumbi, mbali na bwawa. Na ile chupa ya sukari nileteeni, niivunje mwenyewe."