Moshi Uliotujua

Likizo ya Juni ya mwaka wangu wa pili sekondari nilirudi nyumbani, kijiji cha upande wa Lusewa, nikapotea njia hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Lori la mahindi liliniteremsha barabarani kama saa nne asubuhi. Huko nyuma tulikotoka jua lilikuwa limeshapanda, lakini bondeni kwetu lilikuwa halijafika. Moshi ulikuwa umelala chini, mzito, na ndani yake nilisikia watu wakitwanga, wakiitana, wakifukuza mbuzi, bila kumwona hata mmoja. Nilitembea kwa mazoea nikajikuta nimesimama kwenye kaburi la babu. Hapo ndipo nilipojua kuwa nimeipita nyumba.

Sikupenda kusimama pale. Nikaita, "Hodi," kama mgeni, na najua ni upuuzi kubisha hodi kwenye kaburi, lakini ndilo neno lililonitoka.

"Shikamoo dada," sauti ndogo ikanijibu karibu na kiuno.

Alikuwa mdogo wangu wa mwisho, mtoto wa miaka minne. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Mimi machozi yalikuwa yananichuruzika mpaka shingoni na kamasi zimeshaungana nayo. Yeye macho yake yalikuwa makavu, yamefunguka yote, na hakupepesa.

"Unalia nini?" akaniuliza.

"Silii. Ni huu moshi."

Akageuka kulia, akageuka kushoto, akanitazama tena. "Moshi upi?"

Nikacheka, kwa sababu alikuwa mtoto na nilikuwa na hamu naye. Kisha akanishika mkono akanipeleka nyumbani bila kupapasa, kama mtu anayetembea mchana mweupe.

Lazima nieleze moshi huo ulitoka wapi, maana nimekutana na wasomi wazima wanaodhani tumbaku yote hukaushwa na jua. Ya kwetu hukaushwa kwa moshi. Unajenga bani, kibanda kirefu cha miti na udongo kisicho na dirisha, unatundika majani juu kwenye fito, chini unaweka magogo yanayofuka bila kuwaka. Moto ukitoa ulimi, umeunguza mazao ya mwaka mzima. Kwa hiyo kuna mtu lazima aingie humo mara kwa mara, ainame, ageuze magogo, amwagie maji panapotaka kuwaka, atoke. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, na kwetu ilikuwa ya mama.

Nilipokuwa mdogo bani letu lilikuwa shambani, ng'ambo ya kijito, na moshi wake tuliuona kwa mbali tu. Wakati huo mnunuzi alikuwa mmoja, ushirika, na alilipa alipojisikia. Halafu likaja hilo ambalo redio ililiita soko huria. Wakaja wanunuzi wenye malori yao na fedha mkononi, na hawakuuliza tumbaku ni ya nani. Waliuliza harufu tu. Mnunuzi alichomeka pua kwenye fungu, akafumba macho, na kadiri moshi ulivyokuwa mzito ndivyo daraja lilivyopanda. Kwa vile hakuna aliyeuliza mwenyewe ni nani, wezi nao wakawa wakulima. Waliingia mashambani, wakakomba bani zima, kesho yake likawa ndani ya lori. Basi kila mtu akalivuta bani lake nyumbani. Baba aliliegemeza la kwetu kwenye nyumba yenyewe, ukuta wa bani ukawa ndio ukuta wa chumba walicholala mama na mdogo wangu. Kuni kavu za karibu zilikuwa zimeshakwisha, tukawa tunachoma mbichi. Mbichi hutoa moshi mwingi zaidi, na hilo lilimfurahisha kila mtu, kuanzia baba hadi mnunuzi.

Mama alikuwa na sifa kijijini. Zamani alikuwa akitoka banini anapangusa macho kwa pindo la khanga kama wanawake wengine. Mwaka mmoja akaacha kupangusa. Alitoka humo macho makavu, anazungumza kama mtu aliyetoka kisimani. Wanawake wakaanza kumwita kwenye mabani yao magogo yanapokwama katikati, wakasema moshi unamjua. Mama alilipenda neno hilo, na sikumlaumu, maana hakuwa na sifa nyingine aliyopewa na mtu. Sasa walisema unamjua na mtoto wake.

Siku hiyo ya kwanza tulikula ugali na likolo, majani ya maboga aliyopika mama mwenyewe. Tonge la kwanza lilinishinda. Mboga ilikuwa imeungua mpaka chini, nyeusi, chungu. Nilimtazama baba, anakula. Nilimtazama mdogo wangu, anakula na kulamba vidole.

"Mama, mboga imeungua."

Mama akainua bakuli akalinusa. Alinusa kwa muda mrefu. Niliziona tundu za pua yake zikitanuka na kuvuta, na usoni hakikufika kitu.

"Haijaungua," akasema, akalirudisha chini polepole.

Nilikula. Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kama aliyeharibika ulimi ni mimi.

Alasiri tulikaa kibarazani tukipukuchua mahindi, baba, mama na mimi. Ndani ya nyumba mtu akapiga mluzi. Ulikuwa mwembamba, unapanda kidogo, unashuka, unapanda. Kwetu hakuna anayepiga mluzi ndani ya nyumba. Bibi alikuwa akisema unaita visivyo na miguu, na mpaka leo, pamoja na usomi wangu wote, siupigi.

"Nani yuko ndani?" nikauliza.

Baba hakuinua kichwa. "Mtoto. Amelala."

Niliingia. Chumba kilikuwa na giza, na kwenye nyufa za ule ukuta wa bani moshi ulikuwa unaingia kwa nyuzi nyembamba, taratibu, bila haraka yoyote. Mdogo wangu alilala chali. Mdomo umefungwa, macho yamefunguka nusu, na mluzi ulikuwa unatoka kifuani mwake. Niliweka kiganja nikausikia ukitetema chini ya mbavu. Nilipotoka mama alikuwa anatabasamu. Wenyewe walishazoea, walimtania kuwa amezaliwa na filimbi yake. Niliogopa, na nilikasirika kwamba ninaogopa peke yangu.

Wiki hiyo alipita bwana shamba kwa baiskeli. Alisimama mbali na bani, kitambaa puani, akamweleza baba kila kitu ambacho mtu angepaswa kueleza. Bani lirudi shambani, upande ambao upepo hauleti moshi kwenye nyumba. Kuni zikatwe mapema zikauke. Ipandwe miti ya kuni, kila mkulima na shamba lake la miti. Mtoto na mjamzito wasikae karibu. Baba alimsikiliza kwa adabu kubwa, akamfungia karanga. Bwana shamba alipokwisha kumezwa na moshi, baba akasema, "Yeye mshahara wake hauibiwi shambani."

Kilichonitoa kwenye woga ni siku walipokuja wanawake watatu wa jirani kumwomba mama akawasaidie. Walimsifu, naye sifa zikamkolea. Akamwita mdogo wangu, akachomoa banini kijiti kibichi kinachofuka, akakisogeza usoni pa mtoto.

"Mtazameni," akasema.

Moshi ulimwingia machoni moja kwa moja. Mtoto hakurudi nyuma. Alikuwa anatutazama kupitia kwenye moshi, na alikuwa ananitabasamia mimi. Wanawake wakasema mashallah. Kisha chembe ya jivu ikaanguka kutoka kwenye kijiti, ikatua kwenye jicho lake la kushoto, juu ya mboni yenyewe, na ikakaa pale. Hakupepesa. Hakujua kuwa ipo. Aliendelea kutabasamu na lile jivu jichoni, na hakuna mwanamke aliyesema mashallah tena.

Nililowesha pindo la khanga kwa mate nikaitoa. Hata nilipoligusa jicho hakushtuka.

"Mama, huyu mtoto hasikii maumivu."

"Ndiyo," mama akasema.

"Si jambo jema hilo, mama."

"Wewe mjini wamekufundisha kulia," akanijibu, na wale wanawake wakaaga bila hata kutaja tena msaada waliokuja kuomba.

Kesho yake nilimbeba mgongoni hadi zahanati, na njia nzima mluzi ulikuwa unanipulizia sikioni. Muuguzi, mama wa makamo, aliweka chombo chake kifuani pa mtoto akasikiliza mbele na nyuma. Akamulika macho.

"Nyumbani mnakausha?"

"Ndiyo."

"Bani liko wapi?"

Nilinyoosha mkono nikagusa ukuta wa chumba chake. Akaelewa.

"Dawa ninayo ya siku tano," akasema. "Hewa sina. Mwondoe kwenye moshi, mwanangu. Vinginevyo utamleta, utamleta, na siku moja hutamleta."

Jioni nilipiga moyo konde nikawaambia wazazi wangu kwamba mmoja aondoke, bani au mtoto. Nyumbani kwetu watoto hawakuzungumza hivyo. Baba akalitazama bani.

"Bani haliwezi," akasema. "Bado lina majani."

Kwa miaka mingi nilimchukia kwa maneno hayo. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba ada yangu ya shule ilikuwa imetundikwa mle ndani, kwenye fito, na yeye alilijua hilo wakati mimi nimesimama mbele yake na sketi ya shule namfundisha kuhusu hewa.

Mama ndiye aliyemfungia mtoto nguo. Nguo zilikuwa mbili, akazifungua na kuzifunga mara kadhaa.

"Mpeleke," akaniambia. "Lakini moshi ukishamsahau, hatarudi hapa."

Mjini niliishi mtaa wa Lizaboni, kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa akiuza vitumbua. Nyumba yake ilikuwa ya bati, ina madirisha mawili, na jikoni alitumia mkaa. Nilidhani mdogo wangu angefurahi. Alikaa mlangoni anahema, mkono kifuani.

"Hapa hakuna hewa," akasema.

Mama mkubwa akacheka. Halafu akamwona alivyokaa, akaacha.

Siku zile za kwanza nilimkuta ameinamia jiko la mkaa, uso karibu kugusa, anavuta pumzi kwa utulivu kabisa. Nilimtoa, akarudi. Nilimtoa tena, akarudi. Lori bovu likipita barabarani na kuacha wingu jeusi, watoto wa jirani walikimbia huku wameziba pua, yeye alilikimbilia kwa nyuma mdomo wazi. Majirani wakaanza kumtazama kwa pembeni na kuita watoto wao ndani. Mama mkubwa alisoma dua, akamnywesha dawa za muuguzi, akahamishia jiko uani chini ya kibanda cha mabati, akaniambia nisimwache peke yake hata akienda chooni. Nilimlinda. Usingizi wangu wa mchana wote wa likizo niliutumia kusikiliza ule mluzi, nikiomba ukatike, na ulipokatika kidogo niliruka kuangalia kama anapumua.

Ulipungua polepole. Ulianza kukosekana siku moja moja. Mwezi wa nane nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amelala kimya kabisa, amefumba macho yote mawili.

Asubuhi moja mama mkubwa aliwasha jiko kwa magunzi yaliyoloa, uani kukajaa moshi. Mdogo wangu akaja mbio kwangu anapiga kelele, amejikamata uso.

"Macho yangu! Dada, macho yangu yanauma, yanatoka maji!"

Alikuwa na hofu ya kweli, alidhani yanayeyuka. Mama mkubwa alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje, na mimi nilimkumbatia nikalia naye. Moshi ulikuwa umemsahau.

Septemba mama akaja kutusalimia, bani la mwisho likiwa limekwisha na majani yameuzwa. Tulimjua kabla hajapiga hodi. Harufu ilitangulia ikajaa sebule nzima. Mama mkubwa alifungua dirisha la pili huku akijifanya anatafuta kitu nje.

Mdogo wangu alimrukia. Alizika uso wake kwenye khanga ya mama, akabaki hapo, akakohoa, akakohoa tena, na alipoinua uso machozi yalikuwa yanamiminika. Mama aliyatazama yale machozi kwa mshangao. Akayagusa kwa kidole.

"Umenikumbuka hivi?" akasema. Akamfuta kwa pindo la khanga ile ile, machozi yakazidi, naye akazidi kumfuta.

"Mama, unanuka moshi," mtoto akasema, anajaribu kujitoa.

Mama akaacha kufuta. Akaleta pindo la khanga puani, akavuta pumzi ndefu, vile vile alivyonusa lile bakuli. Akavuta tena. Kisha akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kwamba mama anaogopa.

"Nanuka?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Niambie wewe."

Nilikuwa na maneno yote ya yule muuguzi kichwani. Mama mkubwa alikuwa ananitazama, anangoja. Mtoto naye alikuwa ananitazama, macho mekundu.

"Hapana, mama," nikasema. "Amekukumbuka tu."

Uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sijamwona nayo tena. Alikaa siku tatu. Siku ya nne akasema kitalu cha miche ya msimu mpya kinamngoja, na mimi ndiye niliyembebea kikapu mpaka stendi.