Jicho Halikuniuma

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu Magesa, na ninakusimulia kwa sababu mama yako kaniambia umekosa kliniki ya macho tena. Mara ya tatu hiyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi cherehani pale Bunda, nikiishi na kisukari cha sindano kama chako tangu darasa la sita. Siku hiyo nilikwenda Musoma kuchukua insulini. Muuguzi mmoja mtu mzima, Mama Wegesa, akafungua daftari langu la vipimo, akalipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Binti, mwaka mzima sukari haijashuka. Presha nayo inapanda. Na una miaka kumi na ugonjwa huu. Macho yako yataharibika, kama hayajaanza. Pita chumba cha macho leo."

"Mama, mbona naonaga vizuri?"

"Sijakuuliza kama unaona. Nakuambia kinachokuja."

Nikanuna. Yale matone wanayokutia machoni kabla ya kupima yangenitia ukungu mchana kutwa, nami nilikuwa na gauni la bibi harusi wa Kiabakari la kumalizia. Nikapanda gari, nikarudi zangu Bunda.

Mwaka uliofuata, nikiwa nakata kitambaa, nikaona nyuzi nyeusi zinaelea mbele yangu. Nikadhani vumbi, nikanawa uso. Kufika jioni jicho la kushoto lilikuwa limevuja damu ndani, halioni kitu, na halikuniuma hata kidogo. Hospitalini Mwanza walinipiga miale ya leza, wakaokoa la kulia. La kushoto, walisema nimechelewa. Niliporudi Musoma kuchukua insulini, Mama Wegesa hakunisimanga. Alinishika mkono tu, nikalia kwa kujichukia.

Na wewe jana kwenye simu: "Shangazi, mimi naonaga vizuri." Nimechoka na hayo maneno, Magesa. Siku hizi wanakupiga picha nyuma ya jicho, wanaona uharibifu wewe hujahisi chochote, na bado unakaa nyumbani Nyakato.

Basi sikia. Choma insulini yako kila siku, usiruke. Andika vipimo vya kweli, si vya kumfurahisha daktari. Pima macho kila mwaka, hasa ukiwa unaona vizuri, maana hapo ndipo wanaweza kukusaidia. Daktari akikuonya, hakutishi. Anakupa nafasi ambayo mimi niliitupa. Jumatatu nakuja kukuchukua mwenyewe, uwe umeoga.

Mungu akutunzie macho yote mawili, mwanangu, uje uwatazame wanao nayo mpaka uzeeke.