Nakupenda Lilikuwa Neno la Redioni

Enzi zetu, sisi tuliokulia kijijini Gulwe, Dodoma, "nakupenda" lilikuwa neno la redioni. Lilikaa humo pamoja na matangazo ya vifo na bei za mazao, na betri zikiisha liliondoka nazo. Sikumbuki kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu mzima ninayemjua. Ndiyo maana leo, mama mwenye watoto wa sekondari, limenikwama kooni na sijui nilimeze au nilitoe.

Wa rika langu mtanielewa. Mume wangu ni mtu wa Tanga. Tulikutana chuoni, kazi ikatuleta Dodoma mjini, tukazaa, tukajenga. Kwao mtu akimsalimia jirani unaweza kudhani anamposa. Ananiambia nakupenda asubuhi, ananiandikia tena mchana kwenye simu, na miaka yote hii mimi namjibu "haya." Wiki iliyopita tukiwa mezani aliweka kikombe chini akaniuliza, "Mama Neema, hivi wewe unanipenda, au unanivumilia tu?" Nikamwambia chai yake imepoa, nimpashie? Tangu siku hiyo ananishukuru kwa kila sahani kama mgeni, na akaamua Ijumaa asafiri kwenda kwao, peke yake. Nilipomuuliza atarudi lini, akasema ataona. Nikaogopa kweli.

Sasa mimi mambo haya ningejifunzia wapi? Tulicheza baba na mama nyuma ya tembe, nyumba yetu ya udongo, tukipika mchanga kwenye vifuniko vya makopo, na ndoa tuliicheza vilevile tulivyoiona. Baba anarudi kutoka machungani amenuna, mama anamfokea kwa kuchelewa, baba anakula, anauliza kama ng'ombe wamekunywa maji, wanalala. Siku moja tukamchagua Hamisi awe baba, mtoto wa karani wa stesheni, familia iliyohamia kutoka Dar. Akaja, akanishika mkono, akasema, "Nakupenda, mke wangu." Mchezo ukafa palepale. Wenzangu walicheka mpaka wakagaragara, mimi nikatimua mbio kwa mama kumwambia Hamisi anaumwa. Kesho yake tulimshusha cheo, akawa ndama.

Nyumbani, kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa ya baba. Ungeweza kuiba sukari ukasamehewa, lakini si firigisi. Baba alikula nje na kaka zangu, mama na sisi wasichana tulikula jikoni. Bakuli la baba likirudi, firigisi ilikuwa humo humo, imefukiwa chini ya kipande cha ugali wa uwele. Mama akiiona alipaza sauti ili asikike nje: "Huyu mzee meno yamemwisha siku hizi? Au mboga yangu haina chumvi?" Baba huko nje alikohoa tu. Kisha mama aliila polepole amegeukia ukutani, wala hakutumegea. Na kiangazi mto ulipokauka, baba alikwenda alfajiri kuchimba kisima mchangani, akakizungushia miiba ng'ombe wasikivuruge, halafu akarudi na kumpita mama uani bila neno. Mama alijua pa kupeleka ndoo. Nilipokua, hayo ndiyo niliyoyaita mapenzi, na nilimpikia na kumfulia mume wangu kwa imani hiyo hiyo.

Vijana wa leo wangewahurumia wazee wetu. Kwao mapenzi ni keki yenye picha, maua ya plastiki na "beibi" kibao kabla supu haijaletwa. Asubuhi wanabandika picha dunia nzima ione, jioni wameshafutana. Binti yangu Neema akinisikia namwita baba yake "wewe baba," anashika kichwa kwa aibu. Nimewacheka sana hawa watoto. Lakini juzi nilipoona begi la mume wangu liko wazi kitandani, kicheko hakikunisaidia kitu.

Nikampigia mama. Tangu baba afariki anaishi na kaka yangu palepale Gulwe. Kusema kweli nilitaka aniambie kwamba mimi niko sawa na huyu Mtanga ndiye mwenye makuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko mvua imenyesha?"

Nikazunguka na habari za mvua, za mahindi, za wajukuu, mwishowe nikajitosa. "Mama, hivi baba alikupenda?"

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi? Na zile firigisi alizokuwa anakurudishia?"

"Nilizila, mwanangu, huku najiuliza. Labda hakuzipenda tu. Kuna watu hawapendi firigisi." Akavuta pumzi. "Alipougua nilikaa pembeni ya kitanda chake nikingoja. Nikasema moyoni, leo atasema. Akaniuliza kama mbuzi wamerudi. Hakusema lingine mpaka akafa."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia wamerudi."

Nilikata simu nikiwa sielewi tena nilichokuwa nakielewa. Nikaenda chumbani. Mume wangu alikuwa anakunja shati. Nikasimama mlangoni nikasema, "Baba Neema, nakupenda," kwa sauti ya mtoto anayemwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni. Akaketi kitandani na lile shati mkononi. "Sema tena," akasema. Nikasema tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Amesafiri vilevile, ila amesema Jumatano atakuwa nyumbani.

Mimi bado nimechanganyikiwa. Siku hizi watu wanaambiana kila kitu na kuachana kabla keki haijaisha, na hilo silitaki. Enzi zetu watu walikaa pamoja mpaka kaburini, nyumba ikiwa na utulivu ninaoukumbuka hadi machozi yanilenge. Mle ndani ya utulivu ule nilioupenda, mama yangu alikuwa anangoja neno moja, nasi watoto tukila naye kila siku hatukujua. Aliyepaswa kulitamka hayupo, na mama bado anangoja.